Dexter Gordon hachelewi: jibu kwa mpiga teno anayepotea ndani ya albamu ya Go

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga saksafoni ya teno kwenye bendi ya harusi na kumbi hapa Tanga, huu ni mwaka wa tatu. Mzee mmoja wa bendi alinirushia kwenye simu albamu ya Dexter Gordon, mpiga teno wa jazi wa Marekani, iitwayo Go, akaniambia hiyo ndiyo sauti ya teno. Nimeisikiliza wiki nzima. Wimbo unaanza vizuri na naufuata, lakini akishaingia kwenye solo napotea kabisa, sijui tena wimbo uko wapi hadi waurudie mwishoni. Pili, naona kama anachelewa, yuko nyuma ya dramu muda wote. Nilipojaribu kupiga hivyo mazoezini, kiongozi wa bendi alisimamisha wimbo akasema naivuta bendi nyuma. Anafanya makusudi, au ndivyo walivyorekodi zamani? Tatu, sauti yake ni nene hadi chini kabisa. Yangu ni nyembamba, na noti za chini zinakoroma au zinaruka juu. Nimeshauriwa ninunue mausipisi, yaani kile kipande cha kupulizia mdomoni, ya chuma. Ninunue? Na kama ni kuchagua wimbo mmoja wa kujifunzia, nianze na upi?"

Marahaba, ndugu yangu. Mzee wako alichagua vizuri. Maswali yako mawili ya mwanzo yana mzizi mmoja: unamsikiliza Dexter peke yake. Albamu hii ilipigwa na watu wanne, na karibu kila kinachokutatiza kwake kinaeleweka ukishawasikia wale watatu walio nyuma yake. Swali la sauti lina mambo yake mengine, na pale nitakuomba uzuie pesa yako kwanza.

Tuiweke albamu mahali pake kwa kifupi. Go ilirekodiwa siku moja, tarehe 27 Agosti 1962, katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya Blue Note, chini ya usimamizi wa Alfred Lion. Piano ni Sonny Clark, besi ya kusimama ni Butch Warren, dramu ni Billy Higgins. Nyimbo ni sita na zote kwa pamoja hazifiki dakika 40. Dexter alikuwa na miaka 39, lakini kikazi alikuwa mzee wa siku nyingi: aliingia bendi kubwa ya Lionel Hampton mwaka 1940 akiwa na miaka 17, akapita kwa Louis Armstrong, na mwaka 1944 akawa kwa Billy Eckstine. Miaka ya 1950 ilimwendea vibaya kwa dawa za kulevya na kifungo, na ni mwaka 1961 alipoanza kurekodi na Blue Note ndipo watu walipomsikia tena sawasawa. Siku mbili baada ya Go, wanne hao hao walirudi studio wakarekodi A Swingin' Affair. Halafu Dexter akaelekea Ulaya, akakaa huko hadi mwaka 1976, muda mwingi akiishi Copenhagen. Sonny Clark alifariki Januari 1963, akiwa na miaka 31 tu. Mwaka 2018 ndio mwaka wa orodha ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Go miongoni mwa rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa lile.

Nimetaja zile bendi kubwa kwa sababu moja. Mtu huyu alikulia kazini kwenye kumbi ambako watu walikuja kucheza, na saksafoni ililazimika kusikika hadi mlango wa nyuma. Kazi yako wewe haiko mbali na hapo, kwa hiyo usijione mgeni kwenye albamu hii.

Sasa, kupotea. Sababu ya kwanza huenda ni simu yenyewe. Uzi mnene wa besi ya kusimama unatoa sauti ya takriban mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kabisa kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachokisikia ni saksafoni, simbali na ncha za piano. Besi, ambayo ndiyo inayokuonyesha njia, imebaki kuwa mgurumo wa mbali au haipo. Tumia spika za masikioni, zote mbili, au redio yenye spika ya maana. Nasisitiza zote mbili kwa sababu rekodi za stereo za wakati ule mara nyingi ziliweka vyombo vingine upande wa kushoto na vingine wa kulia, na mtu anayesikiliza kwa sikio moja anaweza kukosa nusu ya bendi bila kujua.

Sababu ya pili ni umbo la wimbo. Wengi wanaamini kwamba solo ikianza, wimbo umeachwa na mpigaji anapiga chochote kinachomjia. Wimbo haujaachwa. Kilichoachwa ni melodi peke yake. Kodi zake, yaani zile sauti zinazopigwa pamoja kwenye piano, zinaendelea kuzunguka kwa mpangilio ule ule na urefu ule ule, duru baada ya duru, hadi melodi irudi mwishoni. Wewe unaujua mtindo huo kwenye sebene: kodi chache zinazunguka, gitaa linacheza juu yake, na hakuna anayepotea kwa sababu mzunguko ni mfupi, unarudi kila baada ya vipimo vichache, yaani mafungu ya mapigo manne manne. Kwenye nyimbo hizi mzunguko mmoja una vipimo 32, yaani mapigo 128, na wakati mwingine mara mbili ya hapo. Sikio lako linasubiri mzunguko urudi mapema, haurudi, linakata tamaa.

Chukua wimbo wa tano, Where Are You?, ulioandikwa na Jimmy McHugh na Harold Adamson miaka ya 1930. Ni wa polepole, kwa hiyo una nafasi ya kuhesabu. Duru yake ina sehemu nne za vipimo vinane: sehemu ya kwanza, inarudiwa, inakuja sehemu tofauti ambayo wapigaji huiita daraja, halafu ya kwanza inarudi tena. Hesabu kwa kubadilisha namba ya mwanzo: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, hadi nane. Ukifika nane, gonga meza. Siku ya kwanza usifanye lingine lolote. Siku ya pili imba melodi kimoyomoyo chini ya kile anachopiga, hata akienda mbali nayo. Siku ya tatu msahau Dexter kabisa, mfuate Butch Warren tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho.

Kuna mahali pamoja ambapo karibu kila mtu anaanguka, na afadhali ukijue mapema. Duru inaisha kwa ile sehemu ya kwanza, na duru mpya inaanza kwa sehemu hiyo hiyo mara mbili. Kwa hiyo kwenye kiungo cha duru mbili unapata sehemu tatu zinazofanana zikifuatana, vipimo 24 mfululizo. Mtu anadhani yuko mwisho kumbe yuko mwanzo. Usijaribu kujiokoa kwa kukisia. Subiri daraja. Lina kodi tofauti na linasikika kama mlango uliofunguliwa upande mwingine, na likifika unajua bila shaka kwamba yamebaki vipimo nane baada yake kabla ya duru kuisha. Msikilize pia Higgins: mara nyingi kwenye kipimo cha nane cha sehemu anagonga kitu kidogo cha ziada kinachofunga mlango mmoja na kufungua mwingine.

Ukiushika huo, nenda Love for Sale ya Cole Porter, wimbo wa nne. Duru yake ina vipimo 64, sehemu nne za 16, lakini una msaada: bendi inabadilishana kati ya mdundo wenye ladha ya Kilatini na swingi ya kawaida, yaani ule mdundo wa jazi unaorukaruka. Mdundo ukigeuka, jua umevuka mpaka. Watu wengi waliokata tamaa na nyimbo ndefu walipata miguu yao hapo.

Jambo moja dogo kabla hatujaondoka kwenye solo. Utasikia Dexter akichomeka kipande cha wimbo mwingine kabisa, labda vipimo viwili, kisha anaendelea. Ni tabia yake maarufu. Haina maana kwamba amebadilisha wimbo, na usiache kuhesabu.

Tuje kwenye kuchelewa. Anafanya makusudi, na mitambo ya zamani haihusiki. Saksafoni, besi, piano na dramu vilipigwa pamoja chumba kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwachano unaousikia ndio uliokuwepo. Lakini neno "nyuma" linaficha jambo muhimu, na hapa ndipo kiongozi wako alipokukamata.

Chukua kasi ya mapigo 150 kwa dakika. Kila pigo lina milisekunde 400. Kwenye swingi, pigo hugawanywa vipande viwili visivyo sawa, "moja" ndefu na "na" fupi. Tuseme mpiga dramu anagawa theluthi mbili kwa moja: "na" inaangukia milisekunde 267 baada ya pigo, na zinabaki 133 hadi pigo linalofuata. Watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa solo nyingi za jazi zilizorekodiwa. Waliona kwamba wapigaji solo huchelewesha kidogo sana noti inayoangukia kwenye pigo lenyewe, lakini noti ya "na" wanaiacha ikae pamoja na dramu na besi. Yaani hawachelewi kote. Wanachelewa mlangoni na kufika kwa wakati mezani.

Angalia kinachotokea kwa hesabu. Ukiichelewesha noti ya pigo kwa milisekunde 30 na kuiacha "na" mahali pake, ile ndefu inapungua kuwa 237 na ile fupi inaongezeka kuwa 163. Uwiano unashuka kutoka mbili kwa moja hadi karibu moja na nusu kwa moja. Noti zinasikika karibu sawa kwa urefu, zimelala, hazirukiruki, na bado zimeshikana na simbali ya Higgins. Hiyo ndiyo hali unayoisikia kwa Dexter: noti zake fupi ni karibu sawa, nzito, zimeegemea nyuma, lakini wimbo haupungui kasi hata kidogo. Wale watatu hawamfuati. Warren anatembea na mapigo manne kwa uhakika, Higgins anafunga simbali za mguu kwenye pigo la pili na la nne, na Dexter anaegemea ukuta huo. Ukuta ukisogea, hakuna pa kuegemea.

Wewe mazoezini, nadhani, ulichelewesha kila kitu, pigo pamoja na "na". Dramu yenu ikakusikia, ikajaribu kukungoja, na ndani ya dakika mbili bendi nzima imelala. Kiongozi alikuwa sahihi kusimamisha.

Zoezi ni hili. Weka metronomu, yaani kifaa cha kugonga mapigo, kwenye 60, lakini wewe piga kwa kasi ya 120, ukichukulia kila mlio kuwa pigo la pili na la nne. Piga skeli moja unayoijua usingizini, noti mbili kwa kila pigo. Gusa ridi, yaani kile kijiti bapa kinachotetemeka kwenye mausipisi, kwa ulimi kwenye "na", kisha uiache hewa iteleze hadi noti ya pigo bila kugusa tena. Kwa kuwa ulimi ndio unaobana wakati, "na" itakaa mahali pake, na noti ya pigo, ambayo haijagongwa, italegea yenyewe. Usijaribu kuchelewa kwa nguvu. Ukifikiria kuchelewa, utachelewa kote. Dakika kumi kwa siku zinatosha, na kasi usiipandishe hadi uweze kupiga dakika mbili bila kukosana na mlio.

Kisha jipime kwa ukweli. Rekodi bendi kwa simu wimbo mzima, halafu tumia programu yoyote ya kupima kasi kwa kugonga kidole, mwanzoni na mwishoni. Mkianza na 120 na kumaliza na 119, uko salama. Mkimaliza na 112, umewavuta.

Nikuambie pia wapi usilitumie kabisa. Mnapopiga mistari ya pamoja na tarumbeta na saksafoni nyingine, kila mtu aanze na kumaliza pamoja. Teno moja iliyoegemea nyuma hapo ni kosa tu. Na nyimbo nyingi za dansi lenu hazigawi pigo kwa swingi. Rumba inagawa sawa kwa sawa na inakaa juu ya mdundo wake wenyewe wa vijiti, na ukiileta lala-nyuma ya Dexter bila kupima utasikika umelewa. Ijaribu kwenye solo yako, kwenye wimbo wa polepole, baada ya kumwambia mpiga dramu maneno haya: "Mimi nitalegea, wewe usiningoje."

Sasa sauti, na mausipisi. Usinunue bado.

Ni kweli Dexter alipiga mausipisi za chuma. Lakini chuma chenyewe kina mchango mdogo sana. Kinachobadilisha sauti ni umbo la ndani: ukubwa wa chumba, mteremko wa sakafu yake karibu na ncha, na upana wa uwazi kati ya ncha na ridi. Mausipisi za wanafunzi kwa kawaida zina uwazi usiofika milimita 2. Mausipisi ya kampuni ya Otto Link namba 7, ambayo wapiga teno wengi wa jazi huipenda, ina inchi 0.100, yaani karibu milimita 2.5. Mtu ambaye hewa yake haijakomaa akirukia uwazi huo anaanza kubana taya ili ridi itetemeke, na anayebana taya anapata sauti nyembamba zaidi ya aliyokuwa nayo. Kuna wengi wamelipa pesa nyingi kupata hasara hiyo.

Dalili ulizoeleza, noti za chini kukoroma au kuruka juu, kwanza kabisa zinaashiria kwamba hewa inavuja kwenye pedi, yaani vile vifuniko laini vinavyoziba matundu. Teno ikivuja kidogo pedi za juu, noti za kati zinatoka na mpigaji hajui. Ubaya unajitokeza chini, kwenye D, C, B na B-bemoli, kwa sababu hapo karibu matundu yote lazima yawe yamefungwa. Ingia chumba chenye giza, ingiza ndani ya mwili wa saksafoni taa ndogo ya LED yenye waya, bonyeza kwa mkono mwepesi, na utazame kila pedi ukingoni. Mwanga ukitokea, hapo panavuja. Kama huna taa, kata ukanda mwembamba wa karatasi ya kuvingirishia sigara, uweke chini ya pedi, funga, uvute polepole. Karatasi inapaswa kushikwa kwa nguvu ile ile pande zote za pedi. Ikiteleza upande mmoja, umepata jibu. Anza na pedi ya G-kali, kisha ile ndogo inayofungwa na kidole cha kwanza cha kulia, kwa sababu hizo hufungwa na vyuma vya vibonyezo vingine na skrubu zao za kurekebisha hulegea bila kuonekana. Jaribio jingine: piga C ya chini huku mtu mwingine akibana pedi moja moja kwa kidole. Noti ikitulia ghafla, aliyoibana ndiyo mgonjwa.

Kama saksafoni ni nzima, kagua mdomo wako. Chomoa mausipisi pamoja na ridi yake, uipulize peke yake kwa nguvu unayotumia jukwaani, na uangalie programu ya kutuni kwenye simu. Kwa teno inapaswa kuwa karibu na G halisi, G ya piano. Ikisoma A au zaidi, unabana. Legeza taya, leta pembe za mdomo ndani kuelekea mausipisi, acha mdomo wa chini uwe mto tu, na uongeze hewa hadi sindano ishuke kwenye G. Hapo hapo, ukirudisha mausipisi kwenye shingo, utasikia noti za kati zimeongezeka unene. Huenda pia ukajikuta uko chini ya tuni. Sukuma mausipisi ndani kidogo kwenye kizibo cha shingo ya saksafoni, usirudi kubana.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kila siku ya kujenga sauti. Bonyeza B-bemoli ya chini kabisa, uipige ndefu, sekunde nane hadi kumi na mbili. Bila kubadilisha kidole chochote, na bila kibonyezo cha oktava, tafuta noti ya oktava juu yake, kisha ile ya tano juu ya hiyo, kisha oktava ya pili. Zinatoka kwa kubadilisha umbo la koo na ulimi ndani ya mdomo. Wiki ya kwanza utapata mbili tu, na zitakuwa chafu. Mara nyingi zikikataa, taya ndiyo inayofanya kazi ambayo koo lilipaswa kufanya. Ukizipata zote kwa utulivu, teremka tena hadi B-bemoli ya chini bila kuikohoza. Kwenye ridi, kama unatumia namba 2, jaribu 2½ ya kampuni ile ile kabla ya kufikiria mausipisi. Ridi laini mno hujifunga ukiipa hewa nyingi. Na usipige ridi moja mpaka ife. Zungusha tatu au nne.

Baada ya miezi mitatu ya hayo, kama bado unahisi mausipisi yako inakubana, nunua, iwe chuma au mpira, lakini usiruke kutoka uwazi wa mwanafunzi hadi namba 7. Pita kwenye 5 au 6, na uijaribu kwenye saksafoni yako mwenyewe kabla ya kulipa.

Wimbo wa kuanzia ni huo huo Where Are You?, kwa sababu kila jambo nililolieleza lipo ndani yake na mwendo wake unakuruhusu kulisikia. Usichukue solo. Chukua vipimo vinane vya mwanzo vya melodi. Visikilize hadi uweze kuviimba pamoja naye na kuvuta pumzi anapovuta. Ukihitaji, punguza mwendo hadi 0.75 kwenye mtandao wa video. Ukishuka hadi 0.5 sauti inaharibika na utajifunza sauti isiyokuwepo. Ukishaimba ndipo uchukue saksafoni, utafute noti kwa sikio. Kuandika kuje mwisho. Wanaoandika kwanza wanapata noti zote na kukosa kila kitu kingine: wapi noti inaanza kwa hewa tu bila ulimi, wapi anaishusha mwishoni, wapi mtetemo unakuja mwisho wa noti ndefu na si mwanzo.

Tafuta pia maneno ya wimbo, uyasome kwa sauti. Dexter alijulikana kwa kukariri maneno ya wimbo wa polepole mbele ya hadhira kabla ya kuupiga, na ukiyafuata maneno utaelewa kwa nini anakata sentensi pale anapoikata. Fanya hivyo hivyo kwa I Guess I'll Hang My Tears Out to Dry, wimbo wa pili. Kisha nenda wa mwisho, Three O'Clock in the Morning, uliokuwa walisi ya mapigo matatu tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na hapa umegeuzwa kuwa wa mapigo manne. Ile milio ya kengele za saa mwanzoni inakuonyesha wapi pa kuanzia kuhesabu. Cheese Cake, wimbo wa kwanza, ni mtamu na najua ndio unaokuvuta, lakini una kasi, na kasi itakufanya ubane taya tena. Uache usubiri.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatatua. Ukiona mwanga kwenye pedi zaidi ya moja, usikunje vyuma mwenyewe. Tafuta fundi wa vyombo vya kupuliza. Mahali pazuri pa kuulizia ni kwa wapigaji wa bendi za polisi na jeshi, kwa sababu wao wana vyombo vingi na lazima wawe na mtu wa kuvitengeneza. Mpelekee saksafoni na karatasi uliyoandika noti zinazokataa na pedi ulizoziona, atakuokolea muda. Mkao wa midomo nao unahitaji macho ya mtu aliyekaa mbele yako, hata kwa masomo mawili tu. Uliza Dhow Countries Music Academy kule Zanzibar au chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, ni nani wa karibu anayefundisha saksafoni. Kama dole gumba la kulia, kifundo cha mkono au shingo vinauma na maumivu hayaishi baada ya kupumzika siku kadhaa, acha kupiga na umwone daktari, na ubadilishe mkanda wa shingoni uwe wa mabegani, kwa kuwa teno ina uzito wa kilo tatu na zaidi. Jino la mbele linalouma ukishika mausipisi ni la daktari wa meno. Na kama masikio yanalia hadi kesho yake baada ya harusi, kapimwe, kisha anza kuziba masikio jukwaani kabla ya harusi inayofuata.